Kwetu Junda Nahodha Hakufa

Nina maradhi ya kusahihisha. Yalinianza kabla sijawa mwalimu, na ualimu umeyalea tu. Nikiona tangazo la maziko limebandikwa ukutani, natafuta kosa la maandishi kabla sijatafuta nani aliyefariki. Mke wangu akisimulia jambo mbele ya wageni, namkatiza kumwambia haikuwa Jumanne, ilikuwa Jumatano. Huwa anatabasamu, kisha tukibaki wawili hasemi nami mpaka chakula cha jioni. Nayaandika haya kwa sababu kuna Jumamosi moja maradhi hayo yalinipeleka pabaya, hapa hapa Junda, mbele ya watu walionijua tangu naogeshwa mferejini, na mpaka leo nikipita pale uso unanishuka.

Palipotokea ni kwenye banda la video, nyuma ya duka la kinyozi. Banda lenyewe si kitu. Kuta za mabati, paa la mabati, mabenchi ya mbao yaliyolainishwa na makalio ya vizazi viwili, televisheni kubwa mbele, na spika imepigiliwa nje juu ya mlango ili mpita njia asikie utamu aingie. Siku hizi ni mpira tu. Zamani ilikuwa filamu, na kilicholijaza banda hakikuwa ile televisheni, ni mkalimani.

Filamu zilikuja kwa Kiingereza. Mkalimani alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, sauti ya filamu imeteremshwa, maiki mkononi, akitueleza kwa Kiswahili kila anayefungua kinywa anasema nini. Sauti zote zilikuwa zake, za wanawake, za majambazi, za watoto, hata za mashine. Kiingereza chake alikiokota kwenye jiko la hoteli moja ya ufuoni alikofanya kazi ujanani, na kilikuwa cha kutosha kuagiza vitunguu. Pale sikio lilipokwama, kichwa kiliendelea. Kwa hivyo majambazi wa Ulaya walikula kiapo kwa wallahi, majenerali waliamkiana kwa heshima kabla ya kupigana, na hakuna aliyekwenda vitani bila kwanza kumwomba mamake radhi. Sisi watoto tuliamini dunia nzima iko hivyo, na nilipokwenda bara kusoma nilishangaa kidogo kuona haiko.

Zaidi ya zote tulizipenda filamu tatu za anga za juu, za chombo kilichopotea njia kati ya nyota na mabaharia wake waliokuwa wakitafuta pa kurudi. Nahodha alikuwa mzee mwenye desturi moja: kila akiingia chomboni alikigonga ukuta mara tatu kwa kidole, kama mtu anayepiga hodi nyumbani kwake. Mwanafunzi wake alikuwa rubani, msichana mkaidi asiyesikia la mtu. Junda nzima tuligonga milango mara tatu. Marehemu nyanya yangu alifika mahali pa kutojibu hodi yoyote iliyogongwa hivyo, akijua ni sisi wapuuzi.

Katika filamu ya pili chombo kinashika moto. Mlango wa kuwatoa watu unakataa kujifunga kutoka nje, nahodha anabaki ndani kuufunga kwa mikono, wenzake wanaondoka kwa kijichombo kidogo, na nyuma yao chombo kikubwa kinalipuka. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye picha. Kwenye maiki ya banda letu ilikuwa vingine. Moshi ulipotanda, mkalimani alitangaza kwamba nahodha hakufa, ametoka kwa mlango wa nyuma, yuko kwenye mwezi wa tatu akiunda chombo kingine, na atarudi. Katika filamu ya tatu, kila rubani aliposimama dirishani akitazama nyota bila kusema neno, mkalimani alimpa maneno. Eti rubani alikuwa akizungumza na nahodha kwa redio, akimpa habari za nyumbani, na nahodha akimjibu awe na subira.

Siku hayo yaliposemwa mara ya kwanza mimi sikuwepo, nilikuwa shule ya bweni huko bara. Niliporudi likizo nikakuta mtaa mzima umeshamhamishia nahodha mwezini, nami nikamhamishia huko bila kuuliza. Nilikuja kuiona filamu ile kwa lugha yake nilipokuwa chuo cha ualimu. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka. Tangu siku hiyo kisa cha mkalimani wetu kikawa mchezo wangu wa kuchekesha watu. Nilikisimulia katika kila shule niliyopangiwa bara, pale walimu wanapokunywa chai, nikiigiza ile sauti yake. Sikupata kuona aibu yoyote. Nilijiona mtu aliyetoka mahali penye vichekesho, nikapanda juu kidogo, nikageuka kutazama.

Sasa yupo mama mmoja. Anauza viazi vya karai ubavuni mwa banda, mahali ambapo ukuta wa mabati unampa kivuli baada ya adhuhuri. Amekaa pale tangu sijaanza shule. Ndani ya banda hakupata kuingia hata siku moja, maana si mahali pa mwanamke wa heshima zake, lakini spika ilikuwa juu ya kichwa chake, na filamu zote tatu alizifuata kwa masikio. Aliwajua wote kwa sauti. Tukitoka tulikuwa tukimkuta anauliza yule msaliti alipata alichostahili au vipi, na anatupa viazi tukimweleza. Nilipokuwa mdogo nikimwamkia shikamoo alikuwa akiitika, "Marahaba, mwanangu," na kuniongezea ukwaju bila kuombwa. Nimeoa, nimeota mvi, na alikuwa bado akiitika hivyo hivyo.

Mwanawe wa kwanza, aliyenizidi miaka minne au mitano, alipata kazi kwenye meli ya mizigo. Meli ile ilizama mbali sana na huku, nami nikiwa bado bwenini. Habari ikaja, mtu hakuja. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Hitima ilisomwa msikitini na mama hakumzuia mtu yeyote, ila siku hiyo alitia karai motoni na kukaanga viazi kama siku nyingine, na wanawake wa mtaa wakamsema kwa hilo kwa muda mrefu.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba haya yote niliyajua. Nilijua kuhusu meli, nilijua alikaa chini ya spika, nilijua mkalimani alisema nini kwenye moshi ule. Sikuwahi kuyaweka pamoja. Mtu aliyesomea kufundisha watoto kusoma kati ya mistari.

Basi nikapata uhamisho, nikarudi pwani kufundisha Changamwe, nikawa naishi tena nyumbani Junda. Na mwaka huu, baada ya kimya cha miaka mingi, ikatoka filamu ya nne. Rubani yule msichana sasa ni mwanamke mtu mzima, ndiye nahodha, na ana mwanafunzi wake mkaidi. Kila mwenye simu aliiona wiki ya kwanza. Wiki ya pili Junda ikagawanyika.

Bunge lilikuwa kwa kinyozi, rika langu, tuliyekaa naye dawati moja madrasa. Upande mmoja walisema filamu mpya imezitendea haki zile tatu. Rubani amezeeka vizuri, anagonga ukuta mara tatu kama alivyofunzwa, na vita ni vile vile vya akili kuliko mabunduki. Upande wa pili, ukiongozwa na kinyozi mwenyewe na dereva mmoja wa malori ya mafuta aliyehamia kwetu kutoka bara, walisema filamu imezivunjia heshima. Chombo kipya kinang'aa mno, watu wake wanafanya mzaha katikati ya hatari, na mwisho wake ndio ulioharibu kabisa. Mwishoni rubani anaandika ukutani majina ya waliokufa safarini, na jina la kwanza ni la nahodha mzee. Kinyozi alisema hawawezi kumzika mtu aliye hai. Alilisema hilo kila siku, wembe mkononi, kwa uso usio na mzaha hata chembe, na mimi niliyekaa kwenye kiti chake shingo wazi nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Niliamini kwamba maskini hawajui.

Watu wakamwendea mkalimani. Alikuwa ameshaacha miaka mingi, sauti imekwaruza, anauza nazi tu na kuswali. Wakamwomba aje aitafsiri hii moja, Jumamosi baada ya alasiri, kwa ajili ya zamani. Akakubali. Alhamisi akanifuata nyumbani. Nilimwita Ami, kama tulivyomwita wote, nikamtolea kiti barazani. Aliniuliza mwisho wa filamu unasemaje hasa, neno kwa neno, maana mimi nina Kiingereza. Nikamweleza kwa mapana: orodha, ukuta, jina la kwanza. Akaizungusha kofia yake gotini.

"Hapo pana kazi," akasema.

Nilidhani anazungumzia ugumu wa maneno. Nikampa misamiati miwili mitatu ya kumsaidia. Alinishukuru, na akakataa chai.

Jumamosi banda lilijaa kama zamani. Watu wazima wenye vitambi walibanana kwenye mabenchi waliyokuwa wakikalia wakiwa na kaptura. Mkalimani alikaa kwenye kigoda chake, kanzu imepigwa pasi, akiijaribu maiki, na sauti yake ikasikika ndani na nje. Kupitia mabati tulisikia viazi vikichemka kwenye mafuta. Mtambo wa kuonyeshea filamu ulichelewa kuwaka, na katika kule kungoja mjadala ukafufuka. Kinyozi akasimama kusema kwamba anakuja kuitazama filamu hii kwa heshima ya Ami tu, kwani yenyewe imemzika mtu aliye hai. Watu wakaitikia. Dereva wa lori akaongeza kwamba waliotengeneza hii ya nne hawakuzitazama zile tatu vizuri.

Hilo la kutozitazama vizuri ndilo lililoniwasha. Nikasimama. Nikawaambia filamu hii ndiyo iliyozitazama zile vizuri kuliko sisi sote, kwa sababu nahodha alikufa katika filamu ya pili, jambo hilo liko wazi, na anayebisha hajui analobishia. Nilitegemea zogo. Hapakuwa na zogo. Wengine walitazama chini. Mmoja nyuma akaniambia taratibu nikae, filamu inaanza. Kinyozi akakohoa, akakohoa tena. Dereva akanikazia macho, kisha akayapeleka kwenye ukuta wa mabati, kisha akanirudishia mimi.

"Mwalimu, wacha hiyo maneno," akasema.

Niliyaona yote hayo, na kichwa changu kikayasoma yote kuwa ni watu walioshindwa hoja. Mkalimani ndiye aliyejaribu mwisho. Aliinamia upande wangu, maiki ameifunika kwa kiganja.

"Hapa kwetu hakufa, mwalimu."

Ningeweza kukaa. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kitandani na kila mara nakaa. Lakini nilimjibu kwamba ukweli haupimwi kwa mtaa, kwamba mtu hawezi kufa dunia nzima akawa hai Junda. Nilikuwa na filamu ya pili kwenye simu. Waya ulikuwa pale. Nikaichomeka kwenye televisheni, nikaitafuta sehemu yenyewe, nikanyoosha mkono, na mzee wa watu akanipa maiki. Hakuninyima. Alilelewa kutomnyima mtu kitu mkononi mbele za watu, na mimi nikaitumia adabu yake kumvua nguo.

Nikatafsiri. Moto, mlango, kijichombo kinaondoka, mlipuko. Nilitafsiri kwa sauti ya darasani, sentensi baada ya sentensi, nikihakikisha hakuna herufi inayopotea. Rubani, uso umejaa masizi, anaulizwa na wenzake nahodha yuko wapi.

"Asema: hakuna aliyetoka," nikasema kwenye maiki. "Nahodha amekufa. Maiti yake tumeiona." Kisha nikaongeza, kwa hesabu yangu mwenyewe, kwamba aliyetwambia miaka yote hii kuwa yu hai alitudanganya.

Sauti yangu ilinirudia kutoka kwenye spika ya nje, imechelewa kidogo, kubwa kuliko nilivyoitoa. Ndipo nilipogundua kwamba sisikii viazi.

Hakuna aliyenigombeza. Mkalimani alisimama, akavaa kofia yake, akaniambia Mungu anizidishie elimu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kijana wa mtambo akazima televisheni bila kuambiwa na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Nilipotoka nje karai lilikuwa limeepuliwa, limewekwa chini, mafuta bado ya moto, na kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Kinyozi alinivuta dukani kwake akafunga mlango. Aliniambia kisa chote kwa maneno machache. Filamu ya pili ilionyeshwa bandani juma lile lile ilipokuja habari ya meli. Mwanawe yule mama, kabla hajaenda baharini, alikuwa akija bandani kila Jumamosi, na benchi lake siku hiyo liliachwa wazi. Chombo kilipolipuka, mkalimani alimwona mama kupitia upenyo wa mabati. Alikuwa amesimama, kijiko mkononi, anangoja spika iseme. Ami akaisemesha alivyoisemesha. Mama akakaa, akaendelea kukaanga. Basi, hapo ndipo nahodha alipohamia mwezini, na hakuna aliyepanga wala aliyeapishwa. Kila mtu aliyekuwa ndani alielewa.

Nilimuuliza kama walijua kwamba katika filamu yenyewe alikufa. Alinitazama kama ambavyo sijatazamwa na mtu tangu utotoni.

"Yakhe, wewe ulidhani sisi hatuna simu?"

Walikuwa wakibishana wiki nzima kuhusu jambo moja tu, na mimi nilikaa katikati yao nisilijue: filamu hii mpya ikifika kwenye ile orodha ya ukutani, Ami atasema nini, na mama yuko nje. Hiyo ndiyo heshima waliyokuwa wakiipima. Mimi niliyekuwa na Kiingereza chote nilikuwa mtu pekee katika banda lile ambaye hakuwa ameelewa filamu.

Sikulala vizuri. Jumapili asubuhi nikaenda nyumbani kwa yule mama. Nilimkuta uani anamenya viazi vilivyochemshwa, mjukuu wake kaenda dukani, ua umefagiwa. Nikamwamkia. Aliitika marahaba, akaishia hapo. Akanisogezea mbuzi ya kukunia nazi nikalie, kwani viti vilikuwa ndani. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kuomba msamaha, marefu, mazuri, na nilianza kuyatoa. Hakuyasikiliza. Alingoja yaishe kama mtu anavyongoja gari lipite avuke.

"Maiti waliiona?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, Mama, ndivyo rubani anavyosema.

"Nionyeshe."

Nikatoa simu. Akafuta mikono kwa leso, akaishika simu kwa vidole viwili, akaiweka mbali kidogo na macho. Nikaelewa kwamba filamu ile aliyoishi nayo miaka yote hakupata kuiona hata mara moja. Alipomwona nahodha alitikisa kichwa.

"Kumbe hana ndevu," akasema. "Ami alisema ana ndevu."

Akatazama moto. Akatazama mlango ukifungwa. Mlipuko ulipotokea hakupepesa macho. Rubani akaulizwa nahodha yuko wapi, akasema yale maneno mawili matatu ya Kiingereza, kisha kimya, moshi na nyota, na filamu ikahamia mahali pengine.

"Iko wapi?" akauliza.

Nikarudisha nyuma. Nikaisikiliza kwa makini, simu sikioni. Nikapeleka mbele, nikapitia mpaka mwisho wa filamu, mama akimenya viazi, mimi jasho likinitoka asubuhi ya baridi. Rubani anasema hakuna aliyetoka. Basi. Hasemi amekufa, hasemi maiti. Maiti haimo. Niliitia mimi. Katika ule utamu wa kushinda, na maiki mkononi, niliona ushahidi umepungua kidogo, nikauongeza, na wala sikujisikia nikiuongeza. Mzee wa nazi aliongeza miaka yote ile akijua anaongeza, na kwa nini. Mimi niliongeza mara moja tu, nikaiita hiyo tafsiri sahihi.

"Haimo, Mama," nikamwambia. "Niliiongeza mimi."

Aliendelea na kiazi alichokuwa nacho mpaka kikaisha ganda. Sauti yake haikupanda.

"Ulisema kwa spika. Kaiondoe kwa spika."

Nilikwenda kwa mkalimani siku ile ile. Yeye alinipokea, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alinipa kiti na chai na kunisaidia kumaliza sentensi zangu nilipokwama. Nilimwomba arudi Jumamosi inayofuata. Alisema atarudi mama akirudi. Juma zima nilifundisha kama mtu aliyesahau somo. Mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni neno lenye kosa, nikaliona, mkono ukanyanyuka, kisha nikauacha ushuke.

Jumamosi banda lilijaa kupita mara ya kwanza. Nilisubiri nje mpaka nilipoona mama amekuja, amewasha jiko, amebandika karai. Hakunitazama. Nikaingia, nikaichukua maiki. Nilikuwa nimeandika nitakachosema kwenye karatasi, nikaona aibu kusoma.

"Jumamosi iliyopita nilisema maiti ya nahodha ilionekana," nikasema. "Haikuonekana. Haimo kwenye filamu. Niliiongeza mimi, na Ami hakumdanganya mtu." Nilitaka kuendelea, lakini hapakuwa na zaidi. Nikairudisha maiki mkononi mwa mwenyewe, na sikupata mahali pa kukaa, nikasimama ukutani.

Nje viazi vikaingia kwenye mafuta.

Mkalimani akaanza. Sauti ilikuwa imekwaruza kweli, na mara mbili alikohoa katikati ya vita, lakini majambazi waliapa wallahi, na rubani yule, nahodha sasa, aliomba radhi kabla ya kuondoka ingawa mamake hayumo kabisa katika filamu. Nilimsikia akikosea mahali zaidi ya ishirini. Nilihesabu, sikuweza kujizuia. Tukafika mwisho. Rubani akasimama mbele ya ukuta mweupe, akaanza kuandika, na jina la nahodha mzee likatokea la kwanza, kubwa, kila mtu akiliona. Mkalimani hakuharakisha.

"Aandika majina ya wanaongojwa," akasema.

Kinyozi alikuwa mbele yangu. Nilimwona akijifuta macho kwa upindo wa shati, na baadaye, tukitoka, nikamsikia akimwambia dereva wa lori kwamba kwa kweli filamu hii si mbaya, imeheshimu.

Nilipitia kwa mama kununua viazi, kama watu wote. Alinifungia kwenye karatasi, akatia ukwaju wa kadiri, si mchache. Hajaninunia, na hajawahi kulitaja jambo lile tena. Nikipita kila jioni nikitoka kazini namwamkia, anaitika mara moja, kwa sauti nzuri, na mtu mwingine akisikia atadhani ninaheshimiwa.

"Marahaba, mwalimu."